Kulanti ya gari hapa Mombasa: kuangalia, kuongeza, na kutafuta inakopotelea

Kulanti, yale maji yenye dawa ya kupoozea injini, haiishi kama petroli. Naanza na hilo kabla ya spana na faneli, manake kuna madereva wengi hapa mjini wana kidumu cha maji nyuma ya siti na kila asubuhi wanamiminia rejeta kabla ya kupiga stata, ukimuuliza atakwambia "hii gari yangu hunywa maji sana". Gari hainywi maji jamani. Petroli inachomwa, oili nayo yaweza kuungua kidogo, lakini kulanti kazi yake ni kuzunguka tu, inabeba joto la injini inalipeleka rejeta, inapoa na upepo, inarudi tena, na mzunguko wote umefungwa. Ikishuka kidogo sana kwa mwaka sawa, hio haina noma, lakini ikiwa waongeza kila wiki basi kuna mahali inatoka na hapo mahali ndipo pa kutafutwa.

Naongea kuhusu gari ndogo za petroli tunazoendesha wengi, Probox, Vitz, Fielder, Axio, Note, Demio na ndugu zao. Matatu na pickup mambo ni yale yale, ujazo tu ndio unaongezeka. Boda na tuk-tuk nyingi za abiria injini yake inapoozwa na upepo, haina rejeta, kwa hivo nyinyi endeleeni na oili zenu. Wenye haibridi kama Aqua mjue mna vichupa viwili, kimoja cha injini na kingine cha inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri, kila kimoja na mzunguko wake, msione kimoja kimejaa mkafunga boneti mkaondoka.

Kwani kulanti ya nini na huku hakuna baridi?

Swali zuri na kila mtu huuliza. Makopo mengi yameandikwa kwamba dawa hii inazuia maji kuganda, na Mombasa hata usiku wa Julai hakuna kitakachoganda nje ya friji. Lakini kuna kazi mbili zingine. Ya kwanza ni kuchelewesha kuchemka. Maji matupu hapa usawa wa bahari yachemka digrii 100, ukiyachanganya nusu kwa nusu na kulanti yanasogea mpaka 106 hivi, halafu ukifunga kifuniko cha rejeta kinachobana presha ya karibu bar moja, maji matupu yafika 120 na ule mchanganyiko unapita 125. Injini nyingi zatembea kati ya 85 na 100 hivi. Hio nafasi iliyobaki juu ndio inakubeba ukiwa umekwama nyuma ya trela linalopanda Mazeras kwa mwendo wa kobe, AC imewashwa, jua la saa saba. Na ukiwa waenda Nairobi kumbuka kule ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji kwenye sufuria yachemka chini ya digrii 95, kwa hivo gari yenye maji matupu na kifuniko kibovu inaweza kukaa sawa hapa Tudor kisha ikakuaibisha huko mbele.

Kazi ya pili ni kuzuia kutu. Hedi za gari za siku hizi, yaani kile kichwa cha injini, ni aluminiamu, bloku, ule mwili wa injini, yaweza kuwa chuma au aluminiamu, kuna shaba, kuna plastiki, kuna sili ya pampu ya maji, vyote vimeloweshwa maji ya moto miaka nenda miaka rudi. Kulanti ina dawa zinazolinda hivo vyote. Maji matupu hayana kitu.

Hata wenye baridi yao hawaponi. Kule Kanada kuna zile pikipiki za kutembelea juu ya theluji, nyingi zina kulanti kama gari, na vipoozeo vyake viko chini ya mwili vikitegemea ule mkanda wa nyuma uvirushie theluji. Wakipita mahali theluji ni haba au imekuwa ngumu, injini inachemsha vile vile, kwenye baridi ya kuua mtu. Kwa hivo tusilaumu jua la Mombasa kwa kila kitu.

Maji ya kuongezea, na hapa nitakaa kidogo

Hapa ndipo gari nyingi za Mombasa zinapouliwa. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, visima vingi maji yake ni ya chumvi na yamejaa chokaa, na wengi wetu ndio maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Fungua birika ya chai ya nyumba inayotumia maji ya kisima uangalie ule ukoko mweupe ulioganda chini, huo ukoko ndio unaoganda kwenye vijia vyembamba vya rejeta yako, na joto halipiti kwenye ukoko. Chumvi nayo yala aluminiamu. Gari inaongezewa maji ya kisima mwaka mzima, siku rejeta inafunguliwa utakuta nusu ya vijia vimeziba na ndani kuna tope la rangi ya matofali.

Maji ya mfereji yana nafuu kuliko ya kisima, lakini nayo yana madini, na ukinunua kwa mtu wa mkokoteni huna uhakika ameyateka wapi. Kuna wanaokinga maji yanayodondoka kwenye AC ya nyumba wakisema ni safi kama ya duka. Ni laini kweli, hayana chokaa, lakini yamepita juu ya vumbi na ukungu wa ile mashine, hayo oshea kioo. Ya kutia kwenye rejeta ni maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale yanauzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya spea kwenye chupa, watu wayaita maji ya betri. Na hapo kuwa makini sana, manake kuna chupa nyingine pia inaitwa maji ya betri na ndani ni asidi. Soma lebo mwenyewe usimtume mtoto, na ikiwa chupa haina lebo irudishe.

Rangi isikudanganye

Kijani, nyekundu, pinki, buluu, njano, zote zipo kwenye rafu na watu huchagua kama wachagua soda. Rangi ni ya kiwandani tu, hakuna sheria inayosema pinki lazima iwe aina fulani. La maana ni aina ya dawa iliyomo ndani. Toyota za karibuni zatumia ile yao ya pinki ya maisha marefu, Honda wana yao ya buluu, na ile ya kijani ya zamani ina dawa ya aina nyingine kabisa. Ukichanganya ya kijani ya zamani na hizi mpya, dawa zinaweza kuuana nguvu, na wakati mwingine zinafanya ute mzito unaoziba njia. Kwa hivo angalia kitabu cha gari, au angalia kifuniko cha kichupa, au kama gari imetoka Japani juzi na kulanti yake ni safi basi tafuta iliyoandikwa kwamba inafaa gari za Japani za aina hio.

Je, kama hujui iliyomo ni gani na imepungua kidogo tu? Ongeza maji safi ya chupa, yasizidi nusu lita, kisha panga siku ya kumwaga yote na kutia upya. Hio ni salama kuliko kubahatisha rangi.

Halafu kuna zile zimeshachanganywa na maji kiwandani, unamimina kama zilivyo, na kuna ile nzito unayochanganya mwenyewe nusu kwa nusu. Ile nzito usiitie peke yake ukidhani ndio nguvu zaidi, ikiwa tupu bila maji inabeba joto vibaya kuliko ikichanganywa.

Vifaa

Kitambaa kinene, faneli, tochi ya simu, kulanti, maji ya chupa, kipande cha katoni. Basi.

Hatua ya kwanza: injini iwe baridi, na baridi kweli

Asubuhi kabla hujaiwasha ndio wakati mzuri kuliko wote. Kama umetoka kuendesha, ngoja saa moja au zaidi, na hapa kwetu hewa yenyewe ya moto kwa hivo usihesabu dakika kama wanavyoandika watu wa ulaya. Shika ule mpira mkubwa wa juu unaoingia rejeta uubonyeze. Ukiwa mgumu ndani kuna presha, usiguse kifuniko. Ukibonyea kirahisi na mkono hauungui, endelea. Mvuke wa rejeta ukikurukia usoni haukupi nafasi ya kukwepa, na wanaoungua wengi wao walikuwa na haraka tu ya dakika kumi.

Gari iwe mahali tambarare.

Hatua ya pili: soma kichupa cha akiba

Ni kile kichupa cha plastiki nyeupe kando ya rejeta chenye mistari miwili, wa chini na wa juu. Kulanti ikae katikati ya hio mistari injini ikiwa baridi. Tabu ni kwamba kichupa kikizeeka kinashika doa la kahawia kwa ndani na hilo doa linaonekana kabisa kama maji, mtu anafunga boneti akijua yuko sawa na kumbe kichupa kikavu. Weka tochi ya simu nyuma ya kichupa, kisha sukuma gari kidogo kwa nyonga itikisike. Maji yatacheza, doa halichezi.

Angalia na rangi. Safi inapitisha mwanga. Ikiwa ya kahawia ni kutu, ikiwa na utando wa mafuta juu hio ni habari nyingine nitaifikia.

Hatua ya tatu: fungua kifuniko cha rejeta chenyewe

Wengi huishia kwenye kichupa. Usiishie hapo, manake kichupa kinaweza kujaa na rejeta ikawa na upungufu, ikiwa kifuniko hakivuti tena. Weka kitambaa juu, zungusha taratibu mpaka mahali pa kwanza panaposhika, sikiliza, kama kuna sauti ya "fsss" acha iishe, kisha bonyeza chini umalizie kuzungusha. Kulanti inafaa iwe imejaa mpaka shingoni kabisa. Ukiingiza kidole usiipate, imepungua.

Gari nyingi za ulaya, VW na Mercedes na wenzao, hazina kifuniko juu ya rejeta, zina ile chupa kubwa yenye kifuniko cha kusokota na hio chupa yenyewe iko ndani ya presha. Hizo unapima kwenye chupa tu, na onyo la moto ni lile lile.

Sasa kabla hujakirudisha, kiangalie hicho kifuniko kwa karibu, ni kitu cha bei ndogo kinachoua injini za bei kubwa. Chini kuna duara la mpira, lipitishie kidole, lisiwe limekauka, limepasuka au limechorwa mfereji na shingo ya rejeta. Kuna springi, ibonyeze, irudi kwa nguvu. Katikati kabisa kuna kijivalvu kidogo cha bati, kivute kwa ukucha, kifunguke na kijifunge chenyewe ukikiachia. Hicho ndicho kinachoruhusu kulanti irudi kutoka kwenye kichupa injini ikipoa. Kikiganda, ukipoza injini mpira wa juu utaukuta umenyonywa umekuwa bapa, na kichupa chako kinajaa huku rejeta inapungua. Ukinunua kingine angalia namba ya presha iliyoandikwa juu, 0.9 au 1.1, nunua ile ile. Ukiweka cha namba kubwa ukidhani umeongeza nguvu, umeongeza nguvu ya kupasua mipira.

Hatua ya nne: mimina

Kama kilichopungua ni kichupa tu na rejeta imejaa, ongeza kwenye kichupa mpaka chini kidogo ya mstari wa juu, usijaze mpaka mdomo, ikipata moto inapanuka na itamwagika tu.

Kama rejeta yenyewe imepungua, anza na rejeta. Mimina pole pole sana, huku mkono mwingine ukibonya na kuachia ule mpira wa juu, utaona mapovu yanatoka na kiwango kinashuka, ongeza tena. Ukimimina kwa pupa hewa inanaswa ndani na utafikiri imejaa. Injini ndogo za 1300 na 1500 mara nyingi mzunguko wote ni lita nne mpaka sita, kwa hivo ukijikuta umeongeza lita mbili, gari haikuwa na upungufu mdogo na usiiendeshe mbali kabla hujaijua.

Hatua ya tano: toa hewa

Hii ndio watu huiruka kisha wanarudi kulia kwamba wameongeza kulanti na bado gari inachemsha. Hewa ikikaa kwenye hedi, pale ilipo hapapozwi, na sensa ikizungukwa na hewa badala ya maji geji inaweza kukuonyesha uongo.

Kifuniko kikiwa wazi, washa injini. Washa hita ya ndani mpaka mwisho kwenye moto, ndio, hita, Mombasa, utatoka jasho lakini milango iache wazi. Hita ina kirejeta chake kidogo ndani ya dashibodi na hapo hewa hupenda kujificha. Acha injini iwake bila kukanyaga eksileta, mapovu yatatoka shingoni, kiwango kitashuka unaongeza, kisha themostati, ile valvu inayozuia kulanti isiende rejeta mpaka injini ipate moto, itafunguka, kwenye gari nyingi ni karibu digrii 82 hivi, na utaona ghafla kulanti inaanza kukimbia na mpira wa chini nao unapata moto. Ikianza kupanda na kutaka kumwagika zima kidogo. Mapovu yakiisha kabisa jaza mpaka shingoni, funga kifuniko mpaka kishike, acha injini mpaka feni ijiwashe na kujizima mara mbili. Gari zingine zina skrubu ya kutolea hewa juu karibu na mpira, fungua mpaka itoke kulanti bila povu, funga. Asubuhi ya kesho rudi uangalie tena, mara nyingi utaongeza kidogo kwenye kichupa na hapo ndio umemaliza.

Feni, maana uko Mombasa

Ukitembea barabarani upepo unafanya kazi. Ukisimama kwenye foleni ya feri pale Likoni hakuna upepo, kuna feni tu. Jaribio lake ni rahisi, injini iwake, washa AC, kwenye gari nyingi feni inafaa ianze hapo hapo au baada ya sekunde chache. Isipoanza angalia fyuzi na rilei kabla hujaambiwa mota imekufa. Gari inayotulia ikitembea na kupandisha geji ikisimama, anza na feni. Gari inayotulia mjini na kupandisha ukienda mbio au ukipanda mlima, anza na rejeta iliyoziba au kulanti iliyopungua.

Na rejeta iangalie kwa mbele. Wanaolala karibu na bahari, Nyali, Bamburi, Shanzu, upepo wa chumvi unakula yale mapezi membamba mpaka ukiyagusa yanamomonyoka unga. Yaoshe kwa maji baridi ya mfereji kwa mgandamizo mdogo, ukitokea upande wa injini kwenda nje. Vijana wa kaoshi wakikusogezea ile mashine ya presha karibu wazuie, inalaza mapezi yote upande mmoja na upepo haupiti tena.

Sasa inatoka wapi?

Laza kipande cha katoni chini ya injini usiku. Asubuhi ukikuta maji maangavu upande wa abiria ni ya AC, hayo achana nayo. Ukikuta tone lenye rangi, linateleza kwenye vidole na lina harufu tamu tamu, hio ni kulanti. Usiionje, nitaeleza.

Fuata alama. Kulanti ikivuja polepole inakauka na kuacha unga mweupe au pinki, ndio ramani yako. Angalia kwanza zile klipu kwenye ncha za mipira, na mpira wenyewe, ukiubonya ukatoa sauti ya kukatika ndani au umevimba karibu na klipu badilisha. Kisha mstari ambapo plastiki ya rejeta inaungana na aluminiamu, plastiki ya rejeta huzeeka ikawa kahawia na kupasuka ufa mwembamba kama unywele. Kisha pampu ya maji, chini yake kuna kitundu kidogo cha makusudi, kikiwa na mstari mrefu wa ukoko wa rangi ya kulanti, sili imekwisha, na pampu haingojei mpaka ufike Mtito Andei. Zulia la mbele likiwa limelowa na kioo kinashika ukungu wenye harufu tamu, hapo ni kile kirejeta cha hita.

Ukikosa kabisa tone nje, huenda inaingia ndani ya injini. Dalili zake ni moshi mweupe wa eksozi usioisha hata gari ikipata moto, oili imegeuka nyeupe nyeupe nzito chini ya kifuniko chake, ule utando wa mafuta juu ya kulanti niliousema, mapovu yasiyoisha rejetani kila ukigusa eksileta, mpira wa juu unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi. Hio mara nyingi ni gasketi ya hedi, ile sili kati ya hedi na bloku, imeungua. Fundi mwenye kifaa cha kupima gesi ya eksozi kwenye rejeta atakuhakikishia kabla hujafunguliwa hedi. Usikubali hedi ifunguliwe kwa kuangaliwa na macho tu.

Na zile dawa za kuziba, yai, pilipili manga na unga wa kopo, zinaziba kweli, shida ni kwamba hazijui tundu ni lipi na kijia cha rejeta ni kipi. Pilipili manga ipeleke kwenye pilau.

Ikichemsha ukiwa njiani

Geji ikipita katikati zima AC mara moja, washa hita mpaka mwisho na feni ya ndani, hio inavuta joto kwenye injini, tafuta mahali pa kusimama salama, na ikifika nyekundu zima injini hata kama wenye trela nyuma wanapiga honi. Fungua boneti ukiona hakuna mvuke mwingi, kaa mbali. Usifungue rejeta. Usimwagie injini maji baridi kwa juu, kuna vijana wa kando ya barabara watakuja mbio na ndoo wakitaka kukusaidia, washukuru uwaambie wangoje, hedi ya aluminiamu ikipigwa maji baridi ikiwa ya moto hivo inapinda au kupasuka. Ngoja mpaka mpira wa juu ubonyee, kisha ongeza polepole. Hapo ukiwa huna kingine maji yoyote safi ya kunywa ya dukani yanafaa, yakufikishe tu, kisha utamwaga. Na kama geji iliruka juu kisha ghafla ikaanguka chini kabisa huku injini bado inanuka moto, hio haijapoa, maji yameisha mpaka sensa imekaa hewani.

Mambo mawili ya kumkatalia fundi

La kwanza ni kutoa themostati. "Huku joto boss, hii haina kazi." Ina kazi. Ikitolewa injini inatembea baridi mda mrefu kila ikiwashwa, inakula mafuta zaidi, na kwenye injini nyingi themostati ndio pia inafunga njia ya mkato, ikitoka sehemu ya kulanti inazunguka bila kupita rejeta na gari inachemsha zaidi kwenye mlima. Kama ni mbovu weka nyingine. La pili ni feni kuunganishwa dairekti izunguke mda wote. Hio ni ya kukufikisha nyumbani siku ambayo sensa imekufa, ikikaa hivo mota ya feni inakwisha na ugonjwa wenyewe umefichwa.

Iliyomwagika, na kubadilisha yote

Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli, ni sumu kali na ina utamu. Paka wa Mji wa Kale na mbuzi wa mitaani watailamba hapo chini ukigeuka tu, na kiasi kidogo chaua figo. Mtoto akinywa au ukishuku amekunywa ni hospitali saa hio hio, usingoje aanze kutapika. Kwa hivo usiweke iliyobaki kwenye chupa ya soda, na ya zamani usiimwage mtaroni. Ikinge kwenye beseni, itie kwenye kidumu chenye kifuniko, andika juu, kipeleke gereji inayokusanya taka za gari. Iliyodondoka sakafuni mwagia mchanga, zoa, kisha osha.

Kubadilisha yote inategemea aina. Ya pinki ya Toyota kiwandani inakwenda kilomita 160,000 mara ya kwanza kisha kila 80,000, lakini ukinunua gari ya mtu na hujui aliweka nini, mwaga utie upya bila kuhesabu. Ikitoka ya kahawia suuza na maji safi ya chupa mpaka itoke maangavu, na ukumbuke maji ya kusuuzia hubaki ndani ya bloku, kwa hivo hapo ile nzito ya kuchanganya ndio nafuu kuliko iliyochanganywa tayari, unatia nzito nusu ya ujazo wote kwanza kisha unamalizia na maji. Ukimaliza andika tarehe, kilomita na aina ya kulanti kwenye stika ubandike ndani ya boneti karibu na ile ya oili, ndio fundi mwingine asije akakuongezea ya kijani juu ya pinki.